Ukoo Katika Nafasi ya Mwisho: Majina ya Watu Arusha na Miteremko ya Meru

Tarehe 1 Aprili 2012 wapigakura wa Arumeru Mashariki walichagua mbunge wa kuziba nafasi ya Jeremiah Sumari, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka huo. CCM ilimsimamisha mwanawe, Siyoi Sumari. CHADEMA ikamsimamisha Joshua Nassari, naye akashinda. Msomaji wa gazeti aliyekuwa Dar es Salaam alilisoma jina Sumari akaelewa mara moja kwamba hapo kuna baba na mwana. Hakukosea. Lakini mkazi wa vijiji vya Akeri au Poli, kwenye miteremko ya Meru, alijua kwamba wapo watu wengi wanaoitwa Sumari na Nassari ambao hawana udugu wa karibu na wanasiasa hao.

Hoja ya makala hii inaanzia hapo. Jina la mwisho la Mmeru au Mwarusha ni jina la ukoo, nalo limewekwa katika nafasi ambayo rejesta za kanisa, kodi na shule ziliitenga kwa ajili ya familia. Kwa kuandikwa hivyo ukoo ulipata sauti kubwa kuliko uliyokuwa nayo, na majina mengine yaliyomtambulisha mtu yakaachwa nje ya karatasi.

Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Akyoo, Nanyaro, Urio, Sarakikya: koo hizi zina washili wao, wazee wanaosikiliza mashauri ya ndoa, mirathi na mipaka. Anayesema "mimi ni Mbise" ametaja watu watakaomsimamia siku ya shauri. Babu yake bado hajamtaja. Mwalimu wa shule ya msingi katika vijiji vya Meru akiita "Pallangyo" wakati wa mahudhurio, watoto wa nyumba mbalimbali wataitika kwa pamoja. Ndiyo maana huita jina la kwanza na la baba, kama wanavyofanya watu njiani na sokoni.

Waarusha nao wana Mollel, Laizer na Lukumay, koo wanazoshirikiana na Wamaasai wa nyikani. Hata tahajia ya Laizer haijatulia: marehemu Askofu Thomas Laiser wa KKKT aliandika kwa s, ilhali Saniniu Laizer, mchimbaji aliyepata mawe makubwa ya tanzanite mwaka 2020, huandikwa kwa z. Ukoo ni mmoja, na wawili hao hawahitaji kuwa na babu wa karibu ili walichangie jina. Katika posa, kwa hiyo, jina hufungua tu mazungumzo. Wazee huendelea kuuliza: tawi gani, nyumba gani, mama katoka wapi? Korea Kusini iliwahi kuugeuza mwiko wa kuoana ndani ya ukoo kuwa sheria ya nchi, ikazuia ndoa kati ya watu wenye jina moja la ukoo na chimbuko moja, hata kama ujamaa wao ulikuwa wa mbali kupita kumbukumbu. Mahakama ya Katiba iliipinga mwaka 1997, na mwaka 2005 sheria ikabadilishwa. Wazee wetu walikuwa na chombo chepesi zaidi, yaani maswali.

Wapo wanaodhani kwamba jina la ukoo ni ushahidi wa damu. Historia ya mlima inawakatalia. Masimulizi ya Wameru huwataja waliotoka Usambara, wengine Uchagani, wengine kwa Waarusha. Mwanahistoria Thomas Spear, katika *Mountain Farmers* (1997), ameonyesha jinsi Waarusha, waliohamia miteremko ya Meru katika miaka ya 1830, walivyowapokea Wameru na Wachaga wengi katika koo na marika yao. Kwa hiyo Mollel wa leo anaweza kabisa kuwa kitukuu wa Mmeru, na bado ni Mollel kamili. Ukoo ulikuwa njia ya kumfanya mgeni awe mwenyeji.

Kilichoukaza ni maandishi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, baada ya wenzao wawili kuuawa Akeri mwaka 1896, walirudi na kufungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904. Ubatizo ulileta akina Yohana na Petro wengi, na rejesta ikahitaji jina la pili. Kwa miongo kadhaa desturi haikuwa moja. Aliyepeleka Umoja wa Mataifa kilio cha Wameru walionyang'anywa ardhi ya Engare Nanyuki mwaka 1952 alijulikana kama Kirilo Japhet, wengine wakimwita Japhet Kirilo, ukoo haumo. Aliyewekwa kuwa Mangi, yaani mtawala wa Wameru, mwaka uliofuata aliandikwa Sylvanus Kaaya.

Ubunifu wenyewe ulihamia mbele, kwenye jina la kwanza. Walutheri wa kaskazini walilichukua Eli, jina la Mungu kutoka Biblia, wakaliunga na maneno yao: Elibariki, Elirehema, Elifuraha, Eliamani. Kila moja ni sala fupi ya mzazi. Kwa upande wa Kimaasai, Naserian hubeba amani na Namunyak bahati njema. Humo ndimo familia hueleza hali yake siku mtoto alipozaliwa, na mtafiti anayekimbilia jina la mwisho hupitwa na habari hiyo. Rika nalo, ambalo kwa mwanamume wa Kiarusha lilikuwa na uzito kama wa ukoo, halina mahali katika fomu. Mwanamke wa Nnko aliyeolewa na Kaaya hubaki mtu wa Nnko panapozuka jambo la kwao, ingawa kadi za michango humwandika Bi. Kaaya.

Gharama ya kulisoma jina la ukoo kama la familia huonekana zaidi kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliruhusu hati za hakimiliki ya kimila. Katika kijiji chenye watu wengi wa ukoo mmoja na akina Elibariki si haba, hati yenye jina la kwanza na la ukoo pekee inaweza kudaiwa na zaidi ya mmoja, hasa mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, akishafariki. Halmashauri za vijiji ziandike jina la baba na la babu kabla ya ukoo, na jina la ukoo aliozaliwa nao mke liandikwe kando ya la mumewe.