Hadiwea za Silanga na Kawangware

Hadiwea za Silanga, kijiji cha Kibera kilicho upande wa Bwawa la Nairobi, na zile za Kawangware, mtaa ulio magharibi mwa jiji, ni maduka madogo ya watu binafsi yanayouza mabati, misumari, saruji, nyaya za umeme, mabomba, rangi, kufuli na bawaba. Aghalabu duka ni chumba kimoja chenye wavu wa chuma mbele ya kaunta. Mbao na mabomba marefu huegemezwa nje mchana na kurudishwa ndani jioni. Shehena hutoka kwa wauzaji wa jumla wa mjini na Industrial Area, na mbao nyingi hutoka soko la Gikomba. Lori haliingii vichochoroni, kwa hiyo mzigo humalizia safari kwa mkokoteni au begani.

Nguvu ya maduka haya iko kwenye kipimo. Mteja huomba robo kilo ya misumari ya inchi 3, kilo mbili za saruji zilizochotwa kwenye mfuko wa kilo 50, waya wa mita moja na nusu, au tapentaini ya kumiminwa kwenye chupa ya soda. Anayelipwa kwa siku hujenga kwa siku, na hadiwea imejipanga kumfuata.

Duka kubwa la hadiwea lenye matawi lilizaliwa kwingine. B&Q ilianza Southampton, Uingereza, mwaka 1969; Home Depot iliasisiwa Marekani mwaka 1978. Mteja wao ni mwenye nyumba aliye na gari, mahali pa kuhifadhi vifaa na hamu ya kujifanyia kazi mwenyewe. Huko Silanga, wakazi wengi ni wapangaji wa vyumba vya futi 10 kwa 10, na mwenye vyumba kwa kawaida hana hati ya ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo hawezi kuweka nyumba rehani ili akope benki, na ukarabati hufanywa kidogo kidogo: paa linapovuja, au mlango unapovunjwa. Nairobi iliwahi kupata duka la aina hiyo, ingawa halikuwa la ujenzi pekee: Game, la kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini iliyo chini ya Walmart, lilifunguliwa Garden City, Thika Road, mwaka 2015. Massmart ilifunga maduka yake ya Kenya mwaka 2022. Mafundi wa Kibera hawakuwa na sababu ya kupanda matatu mbili kwenda huko kutafuta komeo moja.

Mnunuzi hasa ni fundi, na ujuzi wake huonekana kwenye mabati. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji ya 32 ni nyepesi kuliko ya 30, nayo ya 30 ni nyepesi kuliko ya 28. Fundi mzoefu hakubali kibandiko tu. Hushika pembe ya bati, akalikunja kwa kidole gumba na kuangalia linavyorudi. Mwenye duka anayemjua humkopesha na kuandika deni daftarini mpaka mwenye nyumba alipe, ingawa siku hizi malipo mengi hupita M-Pesa. Kuna pia desturi ya kumpa fundi chochote kwa kuleta mteja, na gharama hiyo humwangukia mwenye nyumba bila yeye kujua.

Sifa hizi zisifunike ubaya wa maduka haya. Ukikokotoa bei kwa kilo, anayenunua saruji kwa kopo hulipa zaidi ya anayebeba mfuko mzima, yaani maskini ndiye anayeuziwa ghali. Mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu, hasa mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha, na saruji iliyoanza kufanya mabonge hutoa sakafu dhaifu. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Kopo halipimi uzito, na ni vyema mnunuzi adai saruji yake iwekwe kwenye mizani mbele ya macho yake kabla ya kutoa pesa.