Neno la Wiki: “Historia” ya kivinjari

Fundi wa kompyuta akikwambia “nimefuta historia”, muulize: ipi? Kwenye Internet Explorer 6, ile ya mwaka 2001, watu walifuta faili za muda na vidakuzi, kisha wakiandika herufi mbili tatu kwenye upau wa anwani, anwani za zamani zilichomoza vilevile. Hazikukaa kwenye faili hizo wala vidakuzi. Zilizochapwa kwa mkono zilitunzwa kwenye rejista ya Windows, na kitufe cha kufuta historia ndicho kilichoziondoa.

Sasa neno lenyewe. Historia, lenye asili ya Kigiriki, ni masimulizi ya yaliyopita pamoja na sababu zake. Orodha ya anwani haisimulii kitu. Hiyo ni kumbukumbu, kutokana na kumbuka, na kivinjari hukumbuka hata usiyotaka yaonekane. “Rekodi” siikatai, ila inanukia masjala.