Siku Zisizo na Jina: Msamiati wa Hedhi katika Historia ya Kiswahili



Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuitaja damu ya mwanamke. Uhaba huonekana tunaporudi nyuma siku chache kabla ya damu hiyo, pale ambapo wasichana wengi huvimba matiti, huumwa kichwa, hukosa usingizi, hulia bila sababu wanayoweza kuieleza, au huhamaki kwa neno dogo. Siku hizo hazijapata jina la Kiswahili lililokubalika na wote. Msichana wa chuo anayepanga chumba hapa Nkuhungu, akitaka kuzitaja, ama huazima herufi tatu za Kiingereza, PMS, ama hunyamaza. Katika mhadhara huu nakusudia kufuatilia historia ya pengo hilo, na kuonyesha kwamba namna ya kuliziba si suala la wanakamusi peke yao.

Tuanze na tulicho nacho. Neno hedhi limetokana na Kiarabu ḥayḍ, nalo limefuata njia ya kawaida ya maneno mkopo: irabu unganifu ay imekuwa e, kama ilivyokuwa katika heri, na konsonanti ḍ imekuwa dh, kama katika ardhi na faradhi. Lilikuja pamoja na elimu ya fikihi, ambako hedhi inahusu tohara, sala na saumu. Kwa hiyo tangu mwanzo ni neno la hukumu: linamwambia mwanamke lipi limemwondokea na lipi limemrudia. Fikihi huhesabu siku za damu na siku za tohara. Namna mwanamke anavyojisikia siku tatu kabla ya damu si sehemu ya hesabu hiyo.

Kando ya hedhi kuna tabaka la Kibantu. Mwezi ni gimba la angani liangazalo usiku na ni muda wa siku ishirini na tisa au thelathini, na mwanamke "huingia mwezini", "yuko mwezini", kisha "hutoka". Walatini nao waliunganisha jambo hili na neno lao la mwezi, mensis. Lakini naomba tuitazame sarufi. Kiambishi -ni hapa ni cha mahali. Mwanamke ni kiima cha sentensi. Hali yenyewe ni mahali anapoingia na kutoka kwa miguu yake. Vivyo hivyo katika "yuko katika siku zake", siku ni zake yeye.

Tabaka la tatu ni la malezi: kuvunja ungo, mwali, kungwi, somo, unyago. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, kinaonyesha jinsi mafunzo haya yalivyokuwa taasisi kamili, yenye walimu, ada na ngoma zake. Msamiati huo ni tajiri sana, ila umejengwa juu ya tukio moja, damu ya kwanza, na wajibu unaofuata.

Maumivu nayo yana neno lake, chango. Neno hili hubeba utumbo, minyoo na maumivu ya tumbo la uzazi kwa pamoja, na katika mazungumzo ya leo "chango la uzazi" huweza kumaanisha maumivu ya hedhi au hata sababu ya kutoshika mimba. Hapa sarufi imegeuka. Chango "humshika" mwanamke. Yeye sasa ni yambwa, na mtendaji ni maradhi.

Jina tunaloliazima leo lina historia fupi. Mwaka 1931 Robert Frank, daktari wa New York, aliandika juu ya mkazo wa kabla ya hedhi. Mwaka 1953 Raymond Greene na Katharina Dalton, katika jarida la madaktari wa Uingereza, walidai kwamba mkazo ni dalili moja tu kati ya nyingi, wakapendekeza neno sindromu, ambalo kwa asili yake ya Kiyunani ni mambo "yanayokimbia pamoja". Kwa maoni yangu hilo ni jina zuri: linasema dalili zimeandamana, bila kudai kwamba chanzo chake kimejulikana. Lakini jina halibaki mikononi mwa waliolibuni. Mwaka 1981 mahakama ya Uingereza ilikubali hali hiyo ipunguze uzito wa shtaka la mauaji. Neno lililomkinga mwanamke mmoja kizimbani likawa, nje ya mahakama, hoja ya kwamba wanawake wote si wa kuaminiwa siku fulani za mwezi. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliiweka hali iliyo kali zaidi katika kiambatisho cha mwongozo wao mwaka 1994, na mwaka 2013 wakaipandisha kuwa ugonjwa kamili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, liliiweka katika sura ya magonjwa ya mfumo wa uzazi na mkojo. Wanaofikia ukali huo ni asilimia chache tu ya wanawake.

Je, sisi tulitafsiri vipi? Aghalabu husikika "ugonjwa wa kabla ya hedhi", au kwa dhihaka, "hasira za mwezi". Hapa uwanda wa kati una somo chungu ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Katika mikoa ya Dodoma na Singida, miongo iliyofuata uhuru ilishuhudia kuenea kwa jina lawalawa, lililotumika kwa muwasho na maambukizo ya njia ya mkojo na uke kwa wasichana. Mambo hayo hutibika kwa usafi na dawa za hospitali. Lakini yalipokusanywa chini ya jina moja, yakageuka kitu ambacho msichana "anacho", na kilichomo mwilini hudhaniwa kwamba kinaweza kuondolewa kwa wembe. Ukeketaji ukapata sababu ya kitabibu. Baada ya sheria ya 1998 kuufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, jina hilo lilisaidia kuuhamishia kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusimulia. Sidai kwamba neno peke yake ndilo lililokata. Nadai kwamba liliwapa waliokata sentensi ya kusema.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Katika bajeti ya 2018/19 Bunge, hapahapa Dodoma, liliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Bajeti ya 2019/20 ikairejesha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Tuache ubishi wa kodi. Wanaume walisimama ukumbini wakatamka "taulo za kike" pasipo kuona haya, kwa kuwa istilahi hiyo inataja kitambaa na mwenye kukitumia, basi.

Kwa hiyo napendekeza majina mawili, si moja. Kwa hali ya kawaida tuseme msichana "anaelekea mwezini", tamko ambalo sarufi yetu ililiandaa zamani, naye abaki kiima. Neno ugonjwa tuliweke akiba kwa wale wachache wanaozidiwa, maana wao wanalihitaji ili wapate ruhusa ya kupumzika, dawa, na daktari anayewasikiliza.

Jina la kwanza lina faida ya vitendo kwa vijana: anayeelekea mahali hujiandaa kwa safari. Mazoezi ya mwili na usingizi wa kutosha hupendekezwa na madaktari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998, uliochambua wanawake 466, ulionyesha kwamba miligramu 1,200 za madini ya kalisi kwa siku zilipunguza dalili kwa asilimia 48 kufikia mzunguko wa tatu, dhidi ya asilimia 30 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 30 hiyo nayo inastahili kutafakariwa. Vilivyopimwa ni vidonge, si uji. Hata hivyo dagaa, maziwa na ulezi vina kalisi nyingi, na ulezi huzipita kwa mbali nafaka nyingine tulizozizoea. (Kwamba ulezi ni nafaka na pia ni kazi ya kulea ni homonimia tu, lakini ni homonimia ninayoipenda.) Chumba cha kupanga, chenye chai kavu na chipsi usiku wa manane, hakina vingi kati ya hivyo.

Ili kuitambua hali kali, madaktari hutaka dalili ziandikwe kila siku kwa mizunguko isiyopungua miwili, ndipo ionekane kama zinafuata mwezi au zipo siku zote. Daftari la kawaida la shule linatosha, na maneno ya kuandika humo tunayo tayari: uzito wa mwili, maziwa kuuma, kichwa kugonga, hamaki, huzuni, uchovu, hamu ya vitamu, usingizi wa mang'amung'amu. Nimeyatafuta yote katika kamusi zetu bila shida. Linalokosekana ni kichwa cha habari cha kuandika juu ya ukurasa.