Askari Aliyerudi Nyumbani: Filamu za Bei Nafuu kama Chanzo cha Historia

Anayechunguza namna Wamarekani walivyowapokea askari wao kutoka Vietnam huanza na nyaraka za serikali, magazeti na masimulizi ya askari wenyewe. Insha hii inadai kwamba hata filamu za bajeti ndogo, zilizotengenezwa ili kushtua watu na kuuza tiketi, ni chanzo cha historia, mradi tujue zinatoa ushahidi wa jambo gani.

Mfano wa kwanza ni Deathdream ya Bob Clark, iliyotolewa mwaka 1974. Wazazi wanaarifiwa kuwa kijana wao, Andy, ameuawa vitani, kisha Andy anatokea nyumbani. Furaha haidumu. Andy ni maiti inayohitaji damu ya watu, na damu hiyo anajidunga kwa sindano. Watazamaji wa wakati ule hawakuhitaji kufafanuliwa sindano hiyo. Tangu mwaka 1971 jeshi lilikuwa likiwapima mkojo askari kabla ya kuwarudisha Marekani, kwa hofu ya heroini. Baba anashuku, mama anakataa kabisa kuona, na ukimya wao unagharimu maisha ya wengine.

Filamu hii ilitangulia tiba. Ni mwaka 1980 tu ndipo wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walipouingiza rasmi ugonjwa wa msongo utokanao na kiwewe, PTSD, katika mwongozo wao.

Mfano wa pili ni Combat Shock ya Buddy Giovinazzo, iliyotengenezwa Staten Island, New York, katika miaka ya 1980. Frankie, aliyepigana Vietnam, hana kazi, anakaribia kufukuzwa katika nyumba ya kupanga, na mtoto wake ana ulemavu unaohusishwa na kemikali zilizonyunyizwa vitani. Mwishowe anaiua familia yake na kujiua. Suala la kemikali halikuwa la kubuni: mwaka 1984 kampuni zilizotengeneza Agent Orange zilikubali kulipa dola milioni 180 ili kumaliza kesi ya maveterani, bila kukiri kosa.

Hata hivyo, tukizisoma filamu hizi kama picha halisi ya maveterani tutawadhulumu. Wengi wao walirudi, wakafanya kazi na kulea watoto. Filamu zilimgeuza mgonjwa kuwa muuaji, kwa sababu muuaji huuza tiketi. Aidha, Wavietnam, ambao ndio waliokufa kwa wingi zaidi na ambao ardhi yao ndiyo iliyonyunyiziwa kemikali hizo, karibu hawasikiki kabisa.

Kwa hiyo, ushahidi wa filamu hizi unawahusu zaidi waliobaki nyumbani. Walimwogopa kijana waliyemtuma wenyewe, na hofu hiyo ilionekana katika sinema za bei nafuu kabla haijapata jina hospitalini.