Mkutubi Aliyekwenda Vitani na Daftari Mfukoni

Jenerali anaingia maktaba kuu ya Vienna. Hakuja kukagua walinzi. Anatafuta wazo kubwa kuliko yote duniani, ampelekee mwanamke anayemhusudu. Anauliza idadi ya vitabu, anaambiwa milioni tatu na nusu. Anapiga hesabu kichwani: kitabu kimoja kwa siku, atahitaji kama miaka 10,000. Anaishiwa nguvu. Halafu anamuuliza mkutubi, jamani, wewe unavijuaje vyote hivi? Jibu linamwacha mdomo wazi: mimi sivisomi. Nasoma orodha tu. Mkutubi anayezama ndani ya vitabu, kazi imemshinda.

Kisa hiki kimo katika sura ya 100 ya *Der Mann ohne Eigenschaften*, yaani Mtu Asiye na Sifa, riwaya ya Robert Musil iliyoanza kutoka mwaka 1930. Nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, na sura hii nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine zote. Inachekesha kweli. Lakini kicheko kinapungua ukishajua kwamba aliyeiandika aliwahi kuwa wote wawili: mkutubi na mwanajeshi.

Musil alizaliwa Klagenfurt, Austria, mwaka 1880. Alipitia shule za kijeshi, akasomea uhandisi, kisha akapata udaktari wa falsafa Berlin. Mwaka 1911 alioa, na mwenye nyumba anahitaji mshahara. Akaingia maktaba ya chuo cha ufundi cha Vienna. Kazi ile ilimchosha hadi akaugua mishipa ya fahamu, akapewa likizo. Mwanzoni mwa 1914 alikuwa ameshaiacha, akahamia Berlin kuhariri jarida la fasihi, *Die neue Rundschau*.

Agosti ile vita ikaanza. Hapa ndipo palipo pagumu. Unategemea mtu wa aina hii, mwanasayansi aliyezoea kupima kila neno, asimame pembeni atikise kichwa. Wapi! Mwezi wa tisa aliandika makala katika jarida lilelile, akiipokea vita kama mtu aliyepata ndugu wapya. Kisha akavaa sare, akapelekwa Tirol ya Kusini, kwenye mpaka wa Italia, kama ofisa wa akiba.

Barua za askari wa dola ile zilipita mikononi mwa wakaguzi kabla ya kufika nyumbani. Daftari la mfukoni halikupita popote. Kwa hiyo ukitaka kumjua Musil wa vitani, mfuate kwenye madaftari yake. Humo kuna milima, wanyama, wanawake wa vijijini, kuna uchovu, na kuna kifo kilichompitia karibu sana.

Ilikuwa Septemba 1915, karibu na kijiji cha Tenna. Wakati ule ndege zilikuwa zikidondosha mishale ya chuma juu ya askari. Hailipuki, inashuka tu kwa kasi, na ikikupata kichwani basi. Musil alisikia mmoja ukija. Alichoandika baadaye si hofu. Miaka 13 ikapita, akakigeuza kisa kile kuwa sehemu ya hadithi fupi, *Die Amsel*. Msimulizi anausikia mshale kama wimbo mwembamba unaomjia yeye peke yake, mwili wake unainama wenyewe, na mshale unapotua pembeni anajikuta ameona haya, kama mtu aliyefumaniwa akisali.

Mwaka 1916 aliugua, akatolewa mstari wa mbele. Jeshi likampa kazi inayofanana na ya zamani: kuhariri gazeti la askari mjini Bozen. Yaani mtu aliyebeba ukweli wake mfukoni akawa anapanga maneno ambayo jeshi lilitaka askari wayasome. Mimi nimo katika kazi ya habari, na hapo ndipo ninapoumia. Maneno yale mawili, la gazeti na la daftari, yalitoka kwenye mkono mmoja.

Sasa rudi kwa jenerali wetu, Stumm von Bordwehr. Akitoka maktaba anamwambia rafiki yake Ulrich jambo ambalo hakulitarajia yeye mwenyewe. Jeshini tunapenda utaratibu, anasema kwa maana hiyo, lakini hebu fikiria utaratibu uliotimia kabisa, kila kitu mahali pake: huo ni mauti. Utaratibu, kwa njia asiyoijua, unageuka kuwa haja ya kuua.

Huyo si jenerali anayesema. Ni mkutubi aliyeona orodha ya vitabu, kisha akaona orodha ya vikosi, akagundua zinafanana. Zote zinaweza kumhesabu mtu bila kumfungua. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana. Vita hiyohiyo ilitufikia, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wake. Watu wengi walibeba mizigo ya jeshi, wakaorodheshwa, wakafa, na hawakuwa na daftari mfukoni.

Kuna mtu mmoja katika sura ile ambaye wasomaji wengi humpita haraka: mhudumu mzee wa maktaba. Mkutubi ameshamwacha jenerali na orodha zake, mzee anamsogelea polepole na kumsaidia, kwa sababu yeye amekuwa akiangalia miaka yote watu wanaazima nini na kwa shida gani. Musil hakumpa cheo wala hotuba. Alimpa tu jibu ambalo mkubwa wake hakuwa nalo.

Usianze na riwaya. Ina kurasa zaidi ya 1,000 na mwandishi alifariki Geneva mwaka 1942 bila kuimaliza. Anza na *Die Amsel*. Ni fupi, na mshale umo.