Kansa na Korona: Nani Alipona, na kwa Nini?

Mapema mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipokuwa haujaenea sana nje ya China, madaktari wa kansa walikabiliwa na swali zito. Mgonjwa aliye katikati ya matibabu aendelee kuja hospitali, mahali penyewe penye maambukizo, au abaki nyumbani na uvimbe wake? Ukimwita, huenda akaondoka na korona. Ukimwacha, kansa nayo haingoji mtu.

Jibu la kwanza lilitoka China kwenyewe, mwezi Februari mwaka huo. Katika orodha ya wagonjwa wa korona 1,590, watafiti walikuta watu 18 wenye kansa au waliowahi kuugua kansa. Saba kati yao walizidiwa, kwa maana ya kulazwa katika wadi ya mahututi, kuwekewa mashine ya kupumulia, au kufa. Hiyo ni asilimia 39. Kwa wasio na kansa ilikuwa asilimia 8. Watafiti hao wakashauri kwamba mahali penye ugonjwa, baadhi ya matibabu ya wagonjwa ambao kansa yao imetulia yaahirishwe.

Watu 18, jamani! Hata daladala hawajazi. Tena wengi wao walikuwa wamekwisha kumaliza matibabu, na kwa wastani walikuwa wazee kuliko wenzao. Lakini wakati ule hapakuwa na hesabu nyingi za kutegemea, na katika nchi nyingi upasuaji na tiba vikaahirishwa.

Hesabu kubwa zaidi zilitoka mwezi Mei 2020. Nchini Uingereza, madaktari walikusanya habari za wagonjwa wa kansa 800 walioambukizwa korona. Walikufa 226, yaani zaidi ya robo. Ni msiba mkubwa. Hata hivyo, walipochambua ni nani hasa waliokufa, mambo yalionekana tofauti. Wagonjwa 281 walikuwa wamepewa dawa kali za kuua chembe za kansa katika wiki 4 kabla ya kugundulika na korona. Umri, jinsia na maradhi mengine yalipozingatiwa, dawa hizo hazikuonekana kuongeza vifo. Yaliyoambatana na vifo ni uzee, kuwa mwanamume, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Uchunguzi mwingine wa mwezi huohuo, wa wagonjwa 928 wa Marekani, Kanada na Hispania, uliongeza historia ya kuvuta sigara, kansa ambayo bado ni hai mwilini, na kama mgonjwa anajimudu mwenyewe au anashinda kitandani.

Hapana budi kuwataja peke yao wenye kansa za damu, maana hao hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Kansa hizo huwashika askari wenyewe, na baadhi ya dawa zake huwamaliza hata wale wazima. Ndiyo maana chanjo zilipokuja, uchunguzi uliofanyika London mwaka 2021 ulionyesha kwamba baada ya dozi ya kwanza ya Pfizer, watu wazima wa afya 94 katika kila 100 walipata kingamwili; wenye kansa za uvimbe ni 38, na wenye kansa za damu 18 tu. Lakini huko Philadelphia iligundulika mwaka huohuo kwamba wagonjwa wa kansa za damu waliobaki na askari wa kundi jingine, wale wanaozishambulia chembe zilizokwisha kuingiwa na virusi, walipona kwa wingi zaidi, hata kama kingamwili zao zilikuwa haba.

Tarehe 18 Oktoba 2021 alifariki Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, ambaye Januari 2005 alikuwa Nairobi kushuhudia mkataba wa amani ya Sudan. Alikuwa na miaka 84, amechanjwa, na amekufa kwa korona. Wapinzani wa chanjo walishangilia: mnaona? Wachache walitaja kwamba alikuwa na kansa ya zile chembe za uboho zinazotengeneza kingamwili. Kiwanda chenyewe kilikuwa kigonjwa. Dozi yake ya tatu ilikuwa imepangwa wiki ileile aliyougua.