Lutindi na Mlango wa Nyumbani

Mwanafunzi wa theolojia atokaye Isansa, Mbozi, kwenda mazoezini kuwahudumia wagonjwa wa akili, yampasa kwanza kuijua historia ya Lutindi. Mwaka 1896, Wakristo wa Kijerumani walianzisha huko, katika milima ya Usambara, makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, na mashemasi wa Betheli, Ujerumani, wakahudumu humo. Leo ni hospitali ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, ambamo kazi ya shamba na ya mikono huambatana na dawa.

Basi nyumba ile ile iliwapokea waliofungwa na wanadamu, kisha waliofungwa na ugonjwa. Lakini hata sasa wako wagonjwa wanaofungwa kamba na jamaa zao, na wengine huombewa huku wakikatazwa dawa. Katika Marko 5, Bwana Yesu alimponya mtu wa makaburini, akamtuma arudi kwa watu wa nyumbani kwake. Hatusomi kwamba wao walimpokeaje. Jibu hilo tumeachiwa sisi, siku mgonjwa anaporudi Isansa na kutafuta nafasi yake katika ibada.